Mkunga Aliyeanza Kusema kwa Vidole

Ninyi mnaoingia darasani sasa kufundisha Kiswahili hapa Kampala mna raha moja ambayo sisi tuliikosa: mwanafunzi akinyamaza, mnaweza kumfuata hadi kwenye simu yake. Sisi, mwanafunzi akinyamaza, tulimwita mzembe tukaendelea na ngeli. Nimefundisha watu wazima kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Sasa nimestaafu, nina muda wa kukaa barazani na kuwakumbuka watu niliowanyamazisha. Ni wengi kuliko ninavyopenda kukiri. Ila kuna mmoja aliyenifundisha kazi upya nikiwa tayari na mvi, na huyo ndiye ninayetaka mumjue.

Kwanza mnijue mimi. Nilikuja kutoka Kitale vita vya Uganda vilipokwisha, nikimfuata mume wangu aliyekuwa amepata kazi katika kiwanda cha sabuni upande wa Nakawa. Kiswahili changu kilikuwa cha Kitale, nikakipiga pasi chuo cha ualimu mpaka kikasimama chenyewe. Nilijivuna nacho sana. Kumbe hapa Kampala hakuna aliyekuwa anakitamani. Kilikuwa lugha ya askari na bunduki. Ukimsalimia mama sokoni kwa Kiswahili, aliangalia kwanza mikono yako, ndipo akakutazama usoni. Mimi mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye kikapu cha nyanya, nimewahi kuona watu wakinipisha njia kwa sababu nilisema "samahani".

Miaka ikapita, biashara na Kenya ikakua, Wakongo wakaja wengi, watu wakaanza kukitaka. Nikapata darasa la Jumamosi alasiri katika chumba cha ghorofani Bugolobi, juu ya duka la dawa. Nilifundisha na mzee mmoja aitwaye Ocaya, Mwacholi, sajini mstaafu wa polisi, ambaye wote tulimwita Afande. Mimi nilishika sarufi, yeye alishika mazungumzo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Alisema "kitabu yangu" na "wewe nakwenda wapi" bila wasiwasi wowote, na nilikuwa naumwa kichwa kila alipofungua mdomo. Lakini nilikuwa naona jambo moja ambalo sikutaka kulikubali: wanafunzi wakiwa naye walisema, wakiwa nami waliandika.

Siku moja tulikaa kunywa chai kwenye kibanda kando ya soko la Nakawa, nikamwambia anaharibu kazi yangu. Akakoroga chai yake taratibu.

"Mwalimu," akasema, "wewe nasahihisha mutu kama nakamata mwizi. Mutu nasema habari ya mchana, wewe naangalia ndani ya mfuko yake."

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba bila sarufi hakuna lugha. Akasema sawa Madam, akaagiza chapati. Neno lake nililipuuza kwa miaka mingi, na hasara yake mtaiona.

Katika darasa moja alikuja mkunga aitwaye Robinah Nalwoga, mama wa makamo, Mganda, aliyefanya kazi katika kliniki ndogo Bwaise, karibu na barabara ya Bombo. Tulimwita Musawo, kama watu wa hapa wanavyomwita mganga au muuguzi yeyote. Alikuwa amelipia darasa mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Alinieleza kwa Kiganda kwamba wanawake wa Kongo wanakuja kujifungua kwake na hawajui Kiganda wala Kiingereza. Mkalimani wao alikuwa mlinzi wa geti. Huyo mwanamume alisimama nyuma ya pazia akiwapigia kelele wanawake wa watu, "Sukuma! Acha! Sukuma!" Musawo aliona aibu kwa niaba yao.

Basi nikadhani mwanamke mwenye sababu nzito namna hiyo atasoma kama moto. Hakusema neno. Wiki nane alikaa kiti cha karibu na mlango, daftari safi, majibu ya kuandika yote sahihi. Nikimwuliza jambo kwa sauti, alitazama meza. Afande akimwuliza, alisogeza kiti karibu zaidi na mlango. Nikaandika kwenye kitabu changu cha mahudhurio, mbele ya jina lake: *hana bidii ya kusema.* Kitabu hicho ninacho mpaka leo, na mstari huo sijaufuta. Nauacha unisute.

Wakati huo simu za kugusa zilikuwa zimeanza kuwa za kila mtu. Wanafunzi wakaanzisha kundi lao kwenye simu, bila kuniambia. Walikubaliana kukutana humo kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na mbili jioni, wote kwa wakati mmoja, na kwa saa nzima kuandikiana Kiswahili tu. Niligundua kwa bahati, mmoja wao aliponionyesha kitu kingine kabisa kwenye simu yake. Nikasoma, nikashika mdomo.

Mtu mmoja asiye na jina, namba tupu yenye picha ya kuku, alikuwa ameandika: "Leo nimechinja kaka sababu wageni nakuja." Simu yake ilikuwa imembadilishia kuku kuwa kaka. Na chini yake, kabla hata dakika haijaisha, jibu: "Pole sana kwa mama yenu. Umemupika na matoke?"

Aliyejibu alikuwa Musawo.

Nikapandisha juu kusoma zaidi. Alikuwa ndiye mchangamfu kuliko wote. Aliwatania, aliuliza, alisimulia mambo ya kazini. Kiswahili chake kilikuwa kimepinda hapa na pale lakini kilitembea. Mwanamke ambaye sikuwahi kusikia sauti yake alikuwa anaongoza mazungumzo ya watu tisa.

Sasa sikilizeni kosa langu. Nikaomba niingizwe kundini. Wakaniingiza kwa heshima. Alhamisi hiyo Musawo akaandika: "Leo mvua imenyesha mingi. Mimi nimekuja kazi na gambuti ya mume wangu, wagonjwa wanacheka mimi." Na mimi, kwa mapenzi yote ya ualimu, nikajibu: "Imenyesha *nyingi*. Nimekuja *kazini*. Gambuti *za* mume wangu. *Wananicheka*." Nikamsahihisha na aliyemfuata. Nikamsahihisha na aliyesema asante.

Mngeona jinsi kundi lilivyopoa. Mtu mmoja akaandika "Asante Mwalimu". Mwingine akaandika "Asante Mwalimu". Musawo hakuandika kitu. Jumanne iliyofuata saa kumi na mbili nilikaa na simu mkononi, peke yangu humo ndani, kama mtu aliyekuja arusini siku isiyo yake. Alhamisi vilevile.

Jumamosi nikamvuta Afande pembeni. "Watu wamekwenda wapi?"

Hakuweza kunidanganya. "Nafungua grupu ingine."

"Na wewe umo?"

"Mimi nilikuwa ndani toka mwanzo. Mimi ndio ile ya kuku."

Nilikaa kwenye ngazi. Akakaa na yeye, goti likimlalamikia, akanieleza polepole kwamba alificha jina lake makusudi, akatumia laini nyingine ya simu. "Yule Musawo nakaa mulangoni," akasema. "Mimi nafanya polisi miaka mingi. Mutu ya kukaa mulangoni mimi najua. Yeye naogopa sauti yangu. Kwa simu hakuna sauti, basi nasema na mimi vizuri, nacheka. Mwalimu, usimwambie."

Jioni hiyo nilimwandikia Musawo peke yake. Nikamwomba msamaha. Nilitumia Kiswahili kifupi, bila mapambo. Palepale nikaona maandishi yale madogo ya kuonyesha kwamba anaandika. Yakapotea. Yakarudi. Yakapotea. Nilikaa naye hivyo kwa muda mrefu, yeye Bwaise na mimi Nakawa, na ningekuwa darasani ningekuwa nimeshamwita mwanafunzi mwingine ajibu. Hapo ndipo nilipoona faida ya kitu kile. Mtu anaandika, anafuta, anaandika tena, na hakuna anayemwona akihangaika. Anaruhusiwa kuwa mzito wa maneno bila kuonekana mjinga.

Mwishowe jibu likaja.

"Mwalimu mimi si mjinga. Kiswahili nasikia toka mtoto. Nilikuwa na miaka saba, tulikuwa na baba kwa barabara, askari wakasimamisha sisi. Walisema kwa nguvu, Kiswahili. Walichukua baba. Alirudi siku ya tisa. Baba alirudi lakini ile sauti haikutoka kwa mimi. Nikisoma Kiswahili ni lugha. Mtu akisema, naona barabara."

Halafu akaongeza: "Hata mimi nikisema, nasikia wale."

Nilisoma mara nyingi. Makosa yalikuwamo, nawaambia kweli, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi sikuyaona.

Nikafungua kitabu cha mahudhurio nikauangalia ule mstari, nikaona haya. Kisha nikafanya kazi. Nikaomba kurudi kwenye kundi jipya kwa masharti yao: ndani ya ile saa Mwalimu hasahihishi chochote. Anaongea kama wengine. Mtu akisema "mvua mingi", mimi naandika tu mahali fulani baadaye, "kweli, mvua nyingi leo, hata kwetu," basi. Anayetaka kuona ataona. Ikifika saa moja, namwandikia kila mmoja peke yake jambo moja la kuangalia. Moja. Nilikuwa nataka kuandika sita, nikawa nayaandika kwenye karatasi na kuichana.

Lakini msije mkafikiri gumzo la simu ni dawa ya kila kitu. Lina uvivu wake. Kuna waliokuwa wananakili sentensi nzima kutoka mahali na kuzibandika. Mtu wa wiki ya tatu anaandika kama mhariri wa gazeti. Kuna wenye vidole vizito ambao mazungumzo yaliwapita kabla hawajamaliza salamu, nikajifunza kuwasubiri kwa kumwuliza kila mmoja swali lake kwa jina. Na kubwa kuliko yote, mtu anaweza kujificha humo milele. Mama wa Kongo mwenye uchungu hakusomi kwenye simu.

Kwa hiyo nikawapa sharti moja langu. Kabla ya kutuma, soma ulichoandika kwa sauti, hata kama uko chooni. Baada ya mwezi, kila Alhamisi kila mtu atume sauti yake ya sentensi moja. Wote walituma, isipokuwa yule wa kuku na Musawo. Musawo aliandika: "Bado." Nikamjibu: "Sawa." Wiki iliyofuata, "Bado." "Sawa." Nilikuwa nimejifunza angalau hilo.

Lile jambo la kuku lilimalizika hivi. Siku moja Musawo aliandika kundini: "Wewe mwenye kuku, ni nani? Darasani sikuoni." Afande akanipigia simu, akaniuliza afanye nini. Nikamwambia aamue mwenyewe. Jumamosi akaja amevaa koti lake la kanisani, amebeba trei ya mayai. Akasimama mbali kidogo na meza ya Musawo, akaiweka, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema kwa sauti ndogo kabisa, sauti ambayo sikujua anayo:

"Musawo, hii natoka kwa kaka."

Musawo aliyatazama mayai. Akamtazama yeye. Ndipo nikaona mabega yake yanaanza kucheka kabla ya uso, kisha akafunika uso kwa daftari akacheka mpaka machozi. Hakusema neno. Lakini Jumamosi iliyofuata alikaa kiti cha katikati.

Mwezi uliofuata ikaja siku ya mvua kubwa. Mnajua Bwaise ikinyesha: maji yanaingia nyumbani bila kubisha. Ilikuwa Jumatano, mchana, mimi niko nyumbani nachambua maharage. Simu ikalia kundini.

"Mwalimu uko?"

Nilijua ni jambo, kwa sababu haikuwa saa yetu. Nikajibu niko.

"Kuna mama wa Kongo anazaa. Mlinzi hakuja, maji yamejaa njia. Niko na msaidizi mmoja, yeye pia hajui. Nasema namna gani tosindika?"

Hilo ni neno la Kiganda, maana yake usisukume. Nikaandika: "Usisukume. Pumua polepole."

"Ngoja," akaandika. Kisha: "Nimesema kidogo. Hasikii."

Afande akaingia, naye yuko kwake, kwa kuku anaowafuga. "Sema *acha kusukuma*. Sema na nguvu. Yeye naogopa, hawezi kusikia mutu ya kunong'ona."

Alama zikaonyesha kwamba Musawo amesoma.

Mwanafunzi mmoja akaandika yuko tayari kupiga simu akalimani. Simu ya Musawo iliita bila kupokewa. Mwingine akauliza kama tumwite mtu mwenye pikipiki, tukajibu pikipiki itaelea. Nikaacha maharage yakiwa nusu. Nilizunguka chumba changu nikiwa na simu, nikisema peke yangu kwa sauti, "Pumua, pumua," mume wangu akatoka kuuliza ninaongea na nani. Muda ulikwenda karibu dakika arobaini. Nilifikiria mambo mengi, mengine sitayaandika. Nilijiuliza kama ile "Sawa" yangu ya kila wiki ilikuwa upole au uzembe. Ningemsukuma kidogo, labda leo angekuwa na maneno mdomoni.

Yaliyotokea kule alinisimulia baadaye. Kichwa cha mtoto kilitoka, na kitovu kilikuwa kimezunguka shingo mara mbili. Ilibidi mama aache kusukuma kabisa ili Musawo apate nafasi ya kupitisha kidole na kukivua kitovu shingoni. Mama alikuwa binti mdogo, mimba ya kwanza, jina lake Sifa, na alikuwa anapiga kelele na kusukuma kwa nguvu zote. Mikono yote miwili ya Musawo ilikuwa kazini. Simu ilikuwa mezani, kioo kimezima. Hapakuwa na pa kusoma.

"Nikafungua mdomo," alinieleza. "Nikasema, *Sifa! Niangalie mimi. Acha kusukuma. Pumua na mimi.* Nilisema kwa nguvu, Mwalimu. Kwa nguvu kama Afande. Akaniangalia. Akaacha."

Nilimwuliza: "Na ile barabara, uliiona?"

Alifikiri kidogo. "Niliona mtoto tu. Alikuwa wa bluu."

Sisi kundini hatukujua hayo. Tulichokiona ni kwamba kwenye kioo kulitokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Robinah Nalwoga. Nilibonyeza kidole kikiteleza. Nyuma palikuwa na mvua juu ya mabati na mtoto analia. Halafu sauti, nzito kuliko nilivyoidhania, ya mtu aliyechoka na asiye na haraka, l na r zikibadilishana kama Kiganda kinavyotaka:

"Mwalimu, habali. Mama amezaa. Musichana, kiro tatu. Kamba irikuwa kwa shingo, nimetoa. Mutoto aliria kidogo, sasa analia sana. Mama anakunywa chai. Asante nyinyi wote."

Nilikaa kitini. Nikasikiliza tena. Mume wangu, ambaye hajawahi kusoma darasa langu hata moja, alisema, "Huyo amesema vizuri." Nikamwambia ndiyo, amesema vizuri. Kundini Afande alikuwa ameshatuma sauti yake, na kwa mara ya kwanza hakujizuia, alipiga kelele mpaka kuku walisikika wakitawanyika.

Tangu siku hiyo Musawo alizungumza. Sio kwamba hofu iliondoka yote; aliniambia kuna siku akisikia askari wakiitana njiani bado miguu inakuwa baridi. Lakini kazini alimwondoa mlinzi nyuma ya pazia, akamwambia arudi getini kwake, na akaanza kuwafundisha wauguzi wawili wenzake. Aliwafungulia kundi la simu. Mimi sikualikwa, na nilifurahi.

Wiki mbili baadaye maji yalipokauka nilikwenda Bwaise kumwona. Sifa alikuwa amekuja na mtoto kupimwa, amekaa benchi la nje anamnyonyesha. Musawo akanitambulisha: huyu ndiye mwalimu wangu. Nikaona ni nafasi nzuri, nikamwuliza Sifa, mwalimu ni mwalimu tu, kama Kiswahili cha Musawo kilimfikia vizuri siku ile, au kilimsumbua kidogo.

Sifa alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. Akamgeuza mtoto upande wa pili.

"Ile siku sikuwaza Kiswahili, mama," akasema. "Nilisikia tu kama kuko mutu anasema na miye."